Maswali ya Wasomaji: Kati ya Watu Wangapi?

Safari hii maswali yenu kuhusu kazi ya kuchunguza na kuzuia maambukizi ya VVU yamejibiwa na mtafiti wa epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika watu, anayeishi Mwanza. Majina ya waulizaji tumeyaacha, kama wengi walivyoomba.

Shikamoo mama. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia). Anasema hataki kuwa daktari wa wodini, anataka "kuchunguza magonjwa kama UKIMWI". Mimi na baba yake ni wakulima wa mpunga, hatujui kazi hiyo inaanzia wapi wala kama inalipa. — Mzazi, Sengerema

Marahaba, mzazi mwenzangu. Daktari wa wodini anamhudumia mgonjwa aliyelala mbele yake. Sisi inabidi tuwafikirie na wale ambao hawakufika hospitali. Ukiniambia kuna wagonjwa kumi, nitakuuliza: kati ya watu wangapi? Kumi kati ya wavuvi mia ni habari moja, kumi kati ya wakazi elfu kumi ni habari nyingine kabisa. Kama binti yako ni mtu wa kuuliza maswali ya namna hiyo mezani mpaka baba yake anachoka, basi ana dalili nzuri.

Njia ni nyingi. Wapo walioanza na udaktari, miaka mitano ya chuo na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Wapo waliosoma uuguzi, maabara, afya ya mazingira au takwimu, kisha wakachukua shahada ya uzamili ya epidemiolojia au afya ya jamii. Si lazima aende mbali, maana Bugando ipo hapa hapa, Muhimbili ipo Dar es Salaam na KCMC ipo Moshi. Tangu 2008 nchi yetu pia ina mafunzo ya miaka miwili ya epidemiolojia ya uwandani na maabara, ambayo mwanafunzi anajifunzia kazini zaidi kuliko darasani. Kwa maoni yangu hayo ndiyo yanayomkomaza mtu haraka.

Mimi sikupitia udaktari. Nilisoma takwimu, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuingiza madodoso ya karatasi kwenye kompyuta. Kila dodoso liliingizwa na watu wawili, kila mmoja kivyake, halafu kompyuta inalinganisha. Tukitofautiana, tunalirudia karatasi lenyewe. Humo ndimo nilimokutana na mwanamume mwenye mimba ya miezi mitano, na mtoto wa miaka sita mwenye talaka mbili. Siku hizi wasaili wanabeba vishikwambi, na kishikwambi hakikubali upuuzi wa aina hiyo. Uongo wa kawaida kinaukubali bila shida, kwa hiyo kazi ya kichwa bado ipo.

Kuhusu malipo nikwambie bila kuficha. Kwenye miradi mshahara unaweza kuwa mzuri, lakini mkataba ni wa muda na unaisha mradi unapoisha. Serikalini mshahara ni mdogo kidogo na usingizi ni mwingi. Achague akijua hivyo.

Dada, mimi ni mvuvi wa dagaa. Tangu nianze kazi hii watu wa utafiti wamekuja kambini mara nyingi. Mnachukua damu, mnauliza mambo ya chumbani, mnapanda boti yenu mnaondoka. Wapo wanaosema hiyo damu inauzwa. Sisi tumepata nini? — Mvuvi, Ukerewe

Kaka, barua yako nimeisoma mara mbili, na ndiyo nitakayoijibu kwa kirefu kuliko zote.

Tuanze na damu. Habari ya kuuzwa ni mumiani wa zamani aliyepanda boti. Kwa kawaida tunachukua kijiko kimoja au viwili vya chai. Inawekwa kwenye boksi lenye barafu, inavushwa, inafika maabara Mwanza. Sehemu inapimwa, nyingine inagandishwa kwenye friji la baridi kali ili ipimwe tena baadaye kama fomu ya ridhaa inaruhusu. Kwenye chupa hakuna jina lako, kuna namba. Fomu hiyo uliisaini au uliweka dole gumba mbele ya shahidi, na nakala ni yako. Kama mtu alikuchukua damu bila kukuachia nakala, hilo ni kosa, na haki yako ni kulalamika. Una haki pia ya kukataa swali moja ukajibu mengine, au kujitoa katikati, na hakuna atakayekunyima dawa zahanati kwa sababu hiyo.

Sasa kwa nini kila mara ni ninyi? Siyo kwamba wavuvi ni wazinzi kuliko makarani wa mjini. Mjini nako tunapima, na makarani wana siri zao. Ila kambini mambo kadhaa yanakutana mahali pamoja. Pesa inapatikana leo leo na kuisha leo leo. Mtu yuko mbali na mke wake kwa miezi. Kuna wanawake wanaonunua dagaa ambao hawapati mzigo mpaka wamridhishe mwenye mtumbwi; wenzetu wa upande wa Kenya wanaiita jaboya, sisi tunajifanya hatuna jina lake. Na zahanati, pale inapokuwepo, inafungua asubuhi, wakati ninyi mmetoka ziwani na macho yamejaa usingizi. Inafungwa jioni, wakati mnawasha taa za kuvulia. Mtu wa namna hiyo hukosa vipimo, kondomu na dawa hata kama anazitaka. Sasa mkoa ukiripoti kwamba "waliofika kituoni" wanaendelea vizuri, ninyi hamumo kwenye hesabu. Tunawafuata ili muwemo.

Ndiyo maana ratiba yetu ya visiwani inafuata mwezi kuliko kalenda ya ofisini. Siku za giza kambi ni tupu usiku, mko majini. Mbalamwezi ikichomoza mitumbwi inavutwa nchi kavu, na hapo ndipo tunapowapata wote, ingawa baadhi yenu tunawapata mkiwa mmeshakunywa, na mtu aliyelewa haruhusiwi kutoa ridhaa. Tunamwambia arudi kesho.

Kazi ngumu zaidi ni kumpata mtu mara ya pili. Leo umepimwa ukiwa Ukara, huna virusi. Baada ya mwaka nataka kukupima tena nione kama bado huna. Umeshahamia Kome, kutoka Kome umekwenda Goziba, na jina uliloniandikisha si lile unaloitwa kambini. Kitambulisho kinasema hivi, wenzako wanakuita Mzee wa Nyavu. Tunapoandikisha watu tunaomba watuambie ni nani tunaruhusiwa kumuuliza wakihama, na nimejifunza kwamba tajiri wa mtumbwi mara nyingi hajui kitu. Anayejua ni mama ntilie aliyekuwa akikukopesha ugali. Huyo anajua ulikokwenda, ulikwenda na nani, na unadaiwa kiasi gani. Nikimuuliza simwambii nakutafutia nini, na gari au boti inayonileta haina maandishi ya UKIMWI ubavuni.

Unaniuliza mmepata nini. Mchukue kijana wa Kisukuma aliyetahiriwa bure kituo cha afya. Babu yake hakutahiriwa, wala haikuwa mila. Huduma ile imetokana na majaribio matatu, moja Afrika Kusini, jingine Rakai nchini Uganda na la tatu Kisumu, ng'ambo ya ziwa hili hili. Yalionyesha kwamba tohara inapunguza uwezekano wa mwanamume kupata VVU kutoka kwa mwanamke kwa takriban asilimia 60, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Vijana wa Kisumu walitoa damu kwanza. Vilevile jaribio la sindano ya kinga inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka, lenacapavir, lilifanyika Uganda na Afrika Kusini. Matokeo yake yalitoka 2024: kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Wewe unayelala ziwani na kusahau vidonge kwenye mfuko wa koti, sindano ya miezi sita inakufaa kuliko mtu yeyote ninayemjua, na ukisikia imefika kituo chako uiulizie.

Lakini una hoja, na siikwepi. Mara nyingi majibu yanatangulia Ulaya kabla hayajafika mwaloni kwenu. Mimi nimekuwa nikidai kwamba bajeti iwe na fungu la mafuta ya boti ya kurudisha majibu, na fungu hilo ndilo linalokatwa la kwanza. Kwa hiyo wakija tena, kabla hujatoa mkono, waulize mbele ya mwenyekiti: mtarudi lini kutuambia mmeona nini? Waandike tarehe, na mwenyekiti aitunze karatasi.

Dokta, chuoni tulifundishwa kwamba utafiti wa Mwanza ulionyesha kutibu magonjwa ya ngono kunapunguza VVU kwa asilimia 40. Juzi kwenye semina mtoa mada akasema Uganda walijaribu wakakuta hakuna tofauti. Nani mkweli? — Tabibu, Misungwi

Wote wawili.

Utafiti wa Mwanza ulianza 1991, majibu yakatoka 1995. Jamii 12 za vijijini ziligawanywa: sita zilipata huduma iliyoboreshwa ya magonjwa ya ngono, sita zikasubiri. Haikuwa na kitu cha maajabu. Watumishi wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili bila kungoja maabara, dawa zilihakikishwa hazikatiki, wasimamizi walipita, na wanakijiji walihimizwa kuja mapema. Kati ya watu 4,149 wasio na virusi katika jamii zilizopata huduma, 48 waliambukizwa ndani ya miaka miwili, yaani asilimia 1.2. Kwenye jamii nyingine walikuwa 82 kati ya 4,400, asilimia 1.9. Tofauti hiyo ndiyo asilimia 40 mliyofundishwa.

Rakai walifanya jambo jingine. Waliwapitia watu majumbani na kuwapa dawa wote, mwenye dalili na asiye nazo, kila baada ya miezi kumi. Matokeo ya 1999 yalikuwa maambukizi mapya 1.5 kwa kila watu mia kwa mwaka, kundi lililopewa dawa hizo na lisilopewa, sawasawa. Watafiti wamebishana sana juu ya hilo. Mimi naona maelezo mawili yana uzito. Kwanza, Rakai VVU vilikuwa vimeshaenea sana, kama asilimia 16 ya watu wazima, wakati Mwanza ilikuwa takriban 4. Ugonjwa ukishafika huko hauhitaji tena kusaidiwa na kisonono ili uenee, na vidonda vingi vinakuwa vya malengelenge ya sehemu za siri (herpes), ambayo dawa zile haziyatibu. Pili, mtu anayepewa dawa leo na kuachwa miezi kumi anaambukizwa tena wiki ijayo, wakati zahanati yenye dawa ipo kila siku.

Kuna namba ya Mwanza ambayo semina huwa zinairuka. Walioandikishwa mwanzoni walikuwa 12,537. Walioonekana tena baada ya miaka miwili ni 8,845, asilimia 71. Waliobaki walikwenda wapi? Machimboni, mjini, ziwani, kaburini. Mimi nikisoma utafiti wowote naanzia hapo, hata kabla ya kusoma matokeo. Wahamaji huwa si watu wa kawaida waliohama kwa bahati tu.

Hayo malengelenge nayo yalijaribiwa huku kwetu, kwa wanawake 821 waliokuwa wakifanya kazi kwenye baa, migahawa na nyumba za wageni kaskazini magharibi mwa nchi. Nusu walipewa dawa ya kuyatuliza kila siku, nusu vidonge visivyo na dawa. Majibu yalitoka 2008: waliopata VVU ni 27 upande mmoja na 28 upande wa pili. Hapo hata anayeipenda dawa yake kama mwanawe hana pa kujificha. Mradi wa elimu ya afya ya uzazi wa MEMA kwa Vijana, ulioingia shule za msingi za Mwanza, nao uliwaacha vijana wakijua mengi zaidi, lakini kiwango cha VVU hakikushuka. Kuna watu huona aibu kutangaza matokeo ya namna hiyo. Sielewi kwa nini. Fedha zilizookolewa kwa kutoinunulia nchi nzima dawa isiyozuia VVU ni fedha halisi.

Wewe endelea kutibu usaha na vidonda, maana mgonjwa anaumia na anastahili dawa hata VVU visingekuwepo duniani. Na mpime VVU siku hiyo hiyo, usimwambie arudi Jumatatu.

Redioni wanasema maambukizi Tanzania ni asilimia 4.4. Miaka yote tunasikia nne na pointi, tano na pointi. Sasa mnafanya kazi gani? — Mwalimu, Nyamagana

Mwalimu, wewe una rejista. Idadi ya wanafunzi wote shuleni ni jambo moja, idadi ya walioandikishwa darasa la kwanza mwaka huu ni jambo jingine. Shule inaweza kuwa na watoto wale wale elfu moja kwa miaka mingi ingawa wanaoandikishwa wamepungua, ikiwa hakuna anayeacha.

Hiyo 4.4 ni ya utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, na ni rejista nzima: kila mtu wa miaka 15 na kuendelea anayeishi na virusi, hata aliyeambukizwa miaka ishirini iliyopita. Kabla ya dawa za kufubaza virusi kuanza kutolewa nchini kwa mpango wa taifa, Oktoba 2004, watu hawa walikuwa wanakufa. Sasa wanazeeka, wanasomesha, wanacheza na wajukuu. Asilimia ikishuka haraka, mimi ningeshtuka kwanza.

Namba ninayoiangalia ni ya wapya. Utafiti ule ule ulikadiria maambukizi mapya kama 60,000 kwa mwaka kwa watu wazima. Hao ndio kazi yetu. Wangapi ni wasichana, wangapi wako mialoni, wangapi waliambukizwa na mtu asiyejua hali yake? Mwaka 2011 jaribio kubwa la kimataifa lilionyesha kwamba dawa hupunguza sana uambukizaji kwa mwenzi, na tafiti zilizofuata zikathibitisha kwamba mtu anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Kwa hiyo kila aliyeandikishwa CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, na akabaki CTC amewalinda na wengine. Wafundishe hilo darasani, tafadhali, maana bado nakutana na walimu wanaotenga vikombe.

Samahani kwa swali la umbea. Mume wako anasemaje ukilala visiwani wiki nzima na kuuliza wanaume mambo ya chumbani? — Msomaji, Kirumba

Anasema nisisahau sato.

Nilikuwa mkusanya takwimu kwenye mradi wa VVU. Mwanzoni mwa 2025 tuliambiwa tusimamishe kazi, hatukurudi tena. Nina stashahada, nina umri wa miaka 27. Nibadilishe fani? — Kijana, Ilemela

Pole, mdogo wangu. Hauko peke yako. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kazi nyingi za VVU kanda hii zilikuwa zinategemea mfuko huo. Niliwaona watu wazuri wakikabidhi vishikwambi na funguo asubuhi moja. Kilichoniuma zaidi ni waliokuwa wakifuatwa majumbani: mama aliyekuwa akikumbushwa tarehe yake ya dawa na mtu anayemwamini, halafu mtu huyo akatoweka bila hata kuaga.

Usibadilishe fani, badilisha gonjwa. Ulichojifunza si VVU peke yake. Unajua kuandikisha kaya, kuomba ridhaa bila kumtisha mtu, kuuliza swali la aibu ukiwa umetulia, kumtafuta aliyehama na kutunza siri. Kichocho kimejaa ziwani. Kifua kikuu kipo machimboni. Marburg ilipoingia Kagera, Machi 2023 na tena mwanzoni mwa 2025, watu waliohitajika haraka ni wale wanaoweza kuorodhesha kila aliyemgusa mgonjwa na kumtembelea kila siku kwa siku 21. Hiyo ni kazi yako ile ile.

Wakati unatafuta, jifunze R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu. Ni ya bure, haihitaji leseni, na kompyuta ya kawaida inatosha. Usianze na masomo mia ya intaneti. Chukua jedwali moja la matokeo ambalo limeshachapishwa, jaribu kulitengeneza upya mwenyewe mpaka namba zilingane. Kwenye barua ya maombi usiandike "nina uzoefu wa kukusanya data". Andika uliandikisha watu wangapi, na kati yao ulifanikiwa kuwaona wangapi mara ya pili. Mimi nikiwa kwenye meza ya usaili, mtu anayeijua namba hiyo bila kuulizwa namwita ndani kwanza.

Halafu nenda ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, uliza kwa mratibu wa takwimu za afya kama wanahitaji mtu wa kusafisha taarifa za vituo. Huenda wasiwe na mshahara wa kukupa, watakupa nauli. Ukikubali, waombe barua ya utambulisho tangu siku ya kwanza, yenye mhuri.